Kasha la kale limefika limepasuka: nani analipa, na kiasi gani?

Kasha la njumu linaweza kukaa chumbani kwa bibi, Pangani au Lamu, miaka themanini bila kupata ufa. Likitiwa kwenye kontena kwenda Ulaya au Amerika Kaskazini, wiki chache tu zinatosha kulirudisha kuwa mbao. Mnunuzi anatuma picha kwenye simu: mfuniko umepasuka, mguu mmoja umekatika, njumu zimelegea. Anataka fedha zake. Aliyeuza anaapa kwamba kasha liliondoka zima. Wakala anasema yeye alipokea boksi lililofungwa, hakujua kilichomo. Kampuni ya meli haijibu kabisa.

Watu wengi huanza ugomvi wa namna hii kwa kuuliza nani alilivunja. Ni swali la haki, lakini mara nyingi halipati jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ndani ya kontena. Kinachoamua ni yale yaliyoandikwa kabla mzigo haujaondoka, na yale yaliyoandikwa siku mzigo ulipofika. Hapa chini tunaeleza jinsi mambo hayo yanavyokwenda, kwa anayeuza kitu cha kale kwa mtu wa nje, na kwa anayemtumia ndugu yake aliye Muscat, Birmingham au Toronto urithi wa nyumbani.

Kabla ya yote: kina ruhusa ya kutoka?

Tunalitanguliza hili kwa sababu likikosekana, mengine yote hayana nguvu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na inataja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kitu cha aina hiyo hakivuki mpaka bila kibali. Pa kuanzia kuuliza ni Idara ya Malikale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ambayo inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, mbali na vitabu na nyaraka.

Mpingo nao una jambo lake. Tangu Januari 2017 umo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vitu vilivyokamilika, kama vinyago, visivyozidi kilo 10 za mpingo katika mzigo mmoja vimesamehewa kibali hicho. Ukizidisha, unahitaji karatasi.

Mtu aliyepitisha mlango wa kale kwa kuuandika "mbao chakavu" asitarajie kumdai yeyote ukivunjika. Atadai nini, mbao chakavu?

Mikono mingi, na karatasi ambayo si yako

Hesabu mikono inayoligusa kasha moja. Kuna gari la kutoka kijijini, ghala la wakala mjini, wapakiaji wa kontena, bandari, meli ya kwanza, bandari ya kati ambako kontena huhamishiwa meli nyingine, bandari ya mwisho, na gari la kufikisha nyumbani. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Kwa hiyo jambo la kujua ni nani aliyekupa ahadi ya kulifikisha, na ahadi hiyo imeandikwa wapi.

Kwa njia ya bahari ahadi hiyo huwa kwenye hati ya shehena, ile ambayo mawakala wengi huiita BL. Hapa ndipo watu wa mzigo mdogo wanapoumia. Ukiwa na kasha moja hukodi kontena zima, unachangia na wengine. Wakala anakusanya mizigo ya watu ishirini, anajaza kontena, kisha yeye ndiye anayepewa hati na kampuni ya meli. Jina lako halimo. Mbele ya kampuni ya meli wewe hujulikani, na wanapokataa kujibu barua yako hawakufanyii jeuri tu, kwao mteja ni wakala. Mdaiwa wako wa kwanza ni huyo wakala, kwa karatasi aliyokupa. Ikiwa alichokupa ni stakabadhi ya malipo yenye neno "mzigo" na kiasi cha fedha, una kazi ngumu mbele yako.

Dai hati inayotaja jina lako, idadi ya vifurushi, na kilichomo. Idadi si urembo wa karatasi. Kanuni za kimataifa za bahari hukadiria fidia kwa kifurushi au kwa kilo, na mizigo iliyo ndani ya kontena huhesabiwa kimoja kimoja pale tu hati inapovitaja hivyo. Hati ikisema "kontena 1 la vyombo vya nyumbani", kontena zima linaweza kuhesabiwa kifurushi kimoja. Ikisema "vifurushi 14", vinahesabiwa kumi na vinne. Ni mstari mmoja wa maandishi, na tofauti yake ni maelfu ya dola.

Fidia ina kikomo

Wengi hawalijui hili mpaka siku ya kilio. Anayesafirisha, hata akikubali kosa, kwa kawaida halipi thamani yote ya kitu. Analipa mpaka kikomo kilichowekwa na kanuni.

Kikomo hicho hupimwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na sarafu tano: dola, euro, yuani, yeni na pauni. SDR moja kwa miaka ya karibuni imekuwa na thamani ya dola moja na senti thelathini hadi arobaini na kitu.

Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi zimejiunga na Kanuni za Hamburg, zilizoanza kufanya kazi Novemba 1992. Kikomo chake ni SDR 835 kwa kifurushi, au SDR 2.5 kwa kilo, chochote kilicho kikubwa. Uingereza inafuata kanuni za zamani zaidi, za Hague-Visby, zenye kikomo cha SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo. Marekani ina sheria yake ya mwaka 1936, na kikomo chake ni dola 500 kwa kifurushi. Mahakama ya nchi ambako shauri limefunguliwa ndiyo inayoamua zipi zitumike.

Tuseme kasha la kilo 40 liliuzwa dola 3,000 na limekuwa kuni. Kwa Hamburg, kilo 40 mara 2.5 ni SDR 100 tu, kwa hiyo unachukua 835, yaani dola elfu moja na mia kidogo. Kwa sheria ya Marekani ni dola 500. Hakuna hesabu inayofika 3,000.

Njia ya kuvuka kikomo ipo, na imo ndani ya kanuni zenyewe kwa namna moja au nyingine. Unatangaza thamani ya kitu kabla hakijapakiwa na unakubaliana nao kiandikwe kwenye hati. Utatozwa zaidi. Mawakala wengi hawakuambii, na wengine hushauri kinyume chake: andika thamani ndogo ili ushuru upungue kule kinakokwenda. Ushauri huo tunaupinga, mbali na kwamba ni kudanganya forodha. Kasha likivunjika, karatasi ya kwanza ambayo upande wa pili utaiweka mezani ni ile yako inayosema lina thamani ya dola 60. Tena katika utaratibu wa forodha wa kimataifa vitu vyenye umri wa zaidi ya miaka 100 vina fungu lao, namba 97.06, na nchi nyingi huvitoza ushuru mdogo au huviachia kabisa. Kusema ukweli kunaweza kuwa nafuu.

Kwa ndege, na kwa posta

Kinyago au kiti kidogo kinachopanda ndege kinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Wenye ndege hawana kisingizio cha "hatukufanya uzembe"; mzigo ukiharibika mikononi mwao wanawajibika, isipokuwa wathibitishe kwamba kitu chenyewe kilikuwa na kasoro, au kilifungwa vibaya na mwenyewe, au sababu nyingine chache kama vita. Ila kikomo ni cha kilo peke yake: SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. Kasha la kilo 40 linapata SDR 1,040. Kinyago cha kilo 3 kinapata SDR 78, kama dola mia moja hivi, hata kama ni kazi ya fundi mkubwa wa Kimakonde wa miaka ya sitini. Kitu chepesi chenye thamani kubwa ndicho kinachopoteza zaidi kwa ndege, na hicho ndicho hasa cha kutangaziwa thamani au kukatiwa bima.

Kampuni za kupeleka vifurushi mlango kwa mlango zina masharti yake, na nyingi huweka kiwango cha chini sana kwa vitu vya kale na kazi za sanaa. Nyingine hazivipokei. Soma sehemu ya vitu visivyopokelewa kabla ya kulipa.

Posta ni habari nyingine. Inafuata taratibu za Umoja wa Posta Duniani, na kwa kawaida anayelalamika ni aliyetuma, kwenye posta alikotumia, ndani ya miezi sita. Mpokeaji aliye ng'ambo akikupigia simu akitaka wewe ushughulike, hakuoni mjinga. Utaratibu ndivyo ulivyo.

"Limepasuka lenyewe"

Hili ndilo jibu utakalokutana nalo mara nyingi, na si la uongo daima.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa. Ikinywa hutanuka, ikikauka husinyaa, na husinyaa kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu. Kasha la pwani limezoea hewa yenye unyevu mwaka mzima. Likiingizwa kwenye nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, ambako vipasha joto huikausha hewa, ubao mpana wa mfuniko unataka kusinyaa, lakini umebanwa na misumari ya shaba na mbao za pembeni. Hauna pa kwenda. Unapasuka kufuata nyuzi zake, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kufika salama. Sheria inaliita tatizo la namna hii kasoro ya asili ya kitu, na msafirishaji haliwajibikii. Bima nyingi pia hazililipi.

Lakini ufa una sura yake. Ulioletwa na ukavu hufuata nyuzi za mbao, umenyooka, na hauna alama ya kugongwa. Ulioletwa na kishindo hukata nyuzi, hubonyeza pembe, huacha michubuko, na mara nyingi boksi la nje nalo lina tundu mahali hapohapo. Ndiyo maana boksi halitupwi. Kuna na wa tatu, jasho la kontena: hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani hupoa usiku na kudondosha maji kutoka kwenye bati la juu. Huo huacha madoa ya matone, ukungu, gundi iliyoachia na kutu ya kijani kwenye shaba. Picha za karibu za alama hizi zina uzito kuliko kurasa kumi za kulalamika.

Kisingizio cha pili ni ufungaji. Ukilifunga mwenyewe kwa blanketi na kamba, umewapa silaha. Kreti ya mbao ndiyo ngome, lakini mbao za kreti zinazovuka mipaka hutakiwa ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30, na zipigwe muhuri wenye herufi HT. Kreti isiyo na muhuri inaweza kuzuiliwa au kuteketezwa bandarini. Toa droo na funguo, zifungwe peke yake. Usilibane plastiki moja kwa moja juu ya mbao, maana unyevu unabaki ndani. Tanguliza karatasi au shuka la pamba.

Kati ya muuzaji na mnunuzi

Hata msafirishaji akiwa na kosa, lipo swali la ndani: hasara ni ya aliyeuza au aliyenunua? Linategemea walikubaliana nini. Katika biashara ya kimataifa kuna herufi zinazotumika duniani kote. Mkiandikiana FOB Mombasa, au CIF bandari fulani ya ng'ambo, hatari inamhamia mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini, hata kama kwa CIF nauli na bima vimelipwa na muuzaji. Kasha likivunjika baharini, mnunuzi ndiye wa kumdai msafirishaji au bima. Ila muuzaji lazima aweze kuonyesha kwamba lilipanda likiwa zima.

Kwenye mauzo ya WhatsApp hakuna herufi hizo. Kuna "nitumie, nimeshalipa". Hapo kila upande unavuta kwake, na mnunuzi aliyelipa kwa kadi ana nguvu ya kuomba benki yake imrudishie fedha. Ujumbe mmoja kabla ya kutuma unatosha kuzuia mengi: "Kasha ni lako na hatari ni yako tangu likabidhiwe kwa wakala. Unataka bima? Gharama yake ni hii." Akijibu "sawa", hifadhi picha ya mazungumzo hayo.

Na kama aliyepokea ni shangazi yako? Hapo hakuna wa kumshtaki mwenzake, bali mnabaki wawili dhidi ya wakala. Kubalianeni mapema nani ataandika barua, kwa sababu siku zinahesabika.

Bima

Neno "bima" kwenye ankara ya wakala lisikuridhishe. Bima za mizigo ya bahari zina madaraja, yanayojulikana kwa herufi A, B na C. Daraja C hulipa maafa makubwa kama meli kuzama au kuungua; mguu wa kasha uliovunjika kwa kuangushwa haumo. Kwa kitu cha kale omba A, inayofunika hatari zote isipokuwa zilizotengwa, na zilizotengwa ni pamoja na kasoro ya asili na ufungaji mbovu.

Uliza mambo mawili zaidi. Thamani imekubaliwa na kuandikwa, au itabishaniwa baadaye? Na je, wanalipa pia thamani inayopungua baada ya ukarabati? Fundi anaweza kuliunga kasha kwa dola 200 likawa imara, lakini kwa mnunuzi wa vitu vya kale kasha lililoungwa si lile la awali. Sera isiyotaja jambo hilo mara nyingi hulipa fundi tu.

Bima ina faida nyingine isiyosemwa sana. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita kwenye Mfereji wa Suez. Mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja, utaratibu wa kale wa baharini ambao wenye mizigo wote huchangia gharama za kuokoa safari, hata ambao mizigo yao haikuguswa. Mwenye bima alibebewa mchango huo na kampuni yake. Asiye nayo alitakiwa kuweka dhamana mwenyewe kabla ya kupewa mzigo.

Siku mzigo unapofika

Mtumie anayepokea sehemu hii kabla ya siku hiyo.

Usisaini "umepokelewa salama" kwa boksi ambalo hujalifungua. Andika juu ya karatasi yao, kwa lugha yoyote: "Boksi limetoboka upande wa kulia, halijafunguliwa." Dereva akikataa, piga picha ya boksi likiwa bado garini. Fungua huku simu ikirekodi. Usigundishe, usipigilie, usilisafishe. Kisha andika barua au barua pepe siku hiyohiyo, kwa wakala, kwa msafirishaji na kwa bima. Simu ya mdomo haihesabiki.

Kwa Kanuni za Hamburg, uharibifu unaoonekana hutolewa taarifa ya maandishi kabla ya kupita siku ya kazi inayofuata. Uliojificha ndani ya siku 15. Kwa Hague-Visby uliojificha ni siku 3 tu. Kwa bahari, ukichelewa haki haifi, lakini inachukuliwa kwamba mzigo ulifika mzima na kazi ya kuthibitisha inakuangukia. Kwa ndege ni ukali zaidi: siku 14 zikipita bila malalamiko ya maandishi, dai limekwisha, isipokuwa wao wawe wamefanya hila.

Pamoja na barua weka picha za kabla, na hapo ndipo tunapowaomba wasikilizaji wa vijijini wasiache: picha za pande zote sita kabla ya kufunga, zenye gazeti la siku hiyo au kitu cha kuonyesha tarehe, na nyufa za zamani zikionekana. Kuficha ufa wa zamani hakusaidii, kwani mkaguzi atauona kwa vumbi lililomo ndani yake. Kwa thamani, kitu kisicho na risiti hupata nguvu kwa picha ya zamani ya familia kikiwemo, bei za vitu vinavyofanana vilivyouzwa, au maandishi ya mtu wa makumbusho au fundi anayekijua.

Wakikataa kulipa

Tanzania, malalamiko dhidi ya mawakala wa meli na wa mizigo hupelekwa kwa Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), na ya bima kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Kenya ina mahakama ya madai madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na shauri lake huweza kuendeshwa bila wakili. Inafaa zaidi kwa kumdai wakala aliye hapahapa kuliko kampuni ya mbali.

Nyuma ya hati nyingi za meli imeandikwa kwamba kesi isikilizwe London au mji mwingine wa ng'ambo. Kanuni za Hamburg zinampa mdai nafasi ya kuchagua pia bandari mzigo ulikopakiwa au uliposhushwa, kwa hiyo usikate tamaa kwa kusoma mstari huo tu. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2 kwa Hamburg na kwa ndege, na mwaka 1 kwa Hague-Visby. Barua za "tunashughulikia" hazisimamishi saa hiyo. Mwezi wa kumi ukifika bado mnaandikiana, waombe wakupe nyongeza ya muda kwa maandishi. Wakikataa, nenda mahakamani kabla mwaka haujaisha.